Nyuki ao asali? Namna ya kujua mwandiko wa Kichina unaanzia wapi

Mtu anayepita Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi siku hizi hakosi kuona mwandiko wa Kichina. Uko juu ya mlango wa kampuni ya madini, uko kwenye lori, uko kwenye katoni za butike, na mara nyingine uko kwenye karatasi nyekundu zilizobandikwa pande mbili za mlango wa nyumba wanamokaa Wachina. Wengi wetu tunapita tu. Alama zile tunaziona kama michoro, na mchoro hauna mwanzo wala mwisho.

Lakini mwandiko huo una mwanzo, na ukianzia pasipo unaweza kusoma kitu kingine kabisa. Chukua alama mbili, mi na feng. Ukizisoma mi feng, umetaja nyuki. Ukizigeuza, feng mi, umetaja asali. Ao chukua niu nai, ndiyo maziwa ya ng'ombe. Geuza: nai niu, ng'ombe wa maziwa. Mwenye butike aliyeandika la kwanza juu ya mlango wake anauza kitu cha kunywa, aliyeandika la pili anauza mnyama mwenye miguu minne.

Sisi tunaoandika kwa herufi za Kizungu hatuna shida hiyo. Ukisoma neno « maziwa » kuanzia mwisho unapata « awizam », na papo hapo unajua umekosea. Katika Kichina kila alama ni silabi moja yenye maana yake, kwa hiyo pande zote mbili zinaweza kutoa neno la kweli, na msomaji akapotea bila kujua kama amepotea. Wachina wenyewe, hasa vijana, wanapotea hivyo mbele ya vibao vya zamani vya inchi yao. Sababu ni kwamba katika karne iliyopita gazeti na kitabu viligeuzwa kuelekea upande mmoja, lakini sanaa ya mwandiko wa brashi ikabaki inatazama upande wake wa zamani. Leo pande hizo mbili zinaishi pamoja katika mji mmoja, na wakati mwingine kwenye mlango mmoja.

Vipande vya mwanzi

Kanuni ya zamani ni hii: alama zinashuka kutoka juu kwenda chini, moja chini ya nyingine, na safu ikiisha, safu inayofuata inaanza upande wa kushoto wa ile ya kwanza. Kwa hiyo ukurasa unaanza kwenye kona ya juu, mkono wa kuume, na unaishia chini kushoto. Kitabu cha zamani cha Kichina kinafunguliwa kwa upande ambao sisi tungeuita wa nyuma.

Kwa nini kushuka? Kabla ya karatasi, Wachina waliandika juu ya vipande vyembamba vya mwanzi. Mwaka wa 1975, mahali panapoitwa Shuihudi katika jimbo la Hubei, watu walikuta kaburi la mkarani mmoja wa serikali ya Qin aliyefariki mwaka wa 217 kabla ya Yesu. Pamoja na mifupa yake kulikuwa vipande zaidi ya 1,100 vyenye maandiko, mengi yakiwa ya sheria. Kila kipande kina urefu wa sentimeta karibu 25, na upana wake haufiki hata sentimeta moja. Kwenye kitu chembamba namna hiyo huna pengine pa kwenda isipokuwa kushuka. Vipande vilifungwa kwa kamba, kimoja kando ya kingine, kisha vikakunjwa kama mkeka. Ukishika mkeka huo kwa mkono wa kushoto na kuufungua polepole, upande wa kuume ndio unaotokea kwanza, na mkono wako wa kuume uko huru kushika brashi. Hiyo ndiyo maelezo inayotolewa mara nyingi kuhusu safu kutoka kuume kwenda kushoto. Hata alama ya neno « ce », kitabu ao daftari, asili yake ni picha ya vipande vilivyofungwa kwa kamba.

Kuna ushahidi mwingine ambao binafsi unanipendeza zaidi. Katika maandiko ya zamani sana, yale yaliyochongwa juu ya mifupa na magamba ya kobe huko Anyang yapata miaka 1,200 kabla ya Yesu, wanyama wamechorwa wakiwa wamesimama kwa mkia. Farasi, mbwa, tembo, wote kichwa kiko juu, miguu inatazama pembeni, kama mtu aliyewainua ukutani. Hakuna farasi anayesimama vile. Aliyewachora alihitaji kuwaingiza katika safu nyembamba, basi akawasimamisha. Juu ya mifupa ile mwelekeo wa safu ulikuwa bado haujatulia, nyingine zinaenda kushoto, nyingine kuume, lakini kushuka kulikuwa tayari sheria.

Karatasi ilikuja baadaye. Kitabu cha historia ya Wachina kinasema kwamba mtumishi wa jumba la mfalme, Cai Lun, aliipeleka mbele ya mfalme mwaka wa 105. Karatasi ni pana, ingeweza kuandikwa upande wowote. Lakini watu waliichorea mistari ya kusimama, upana kama wa kipande cha mwanzi, wakaendelea vilevile. Japani, Korea na Vietnam walipochukua alama za Kichina, walichukua na safu zake.

Kuanzia kuume si kitu kigeni kwa Kiswahili chenyewe. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Maniema na Kisangani katika karne ya 19, wakati wa wafanya biashara wa Kasongo na Nyangwe, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kuume kwenda kushoto. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi hizohizo.

Mstari ambao ni safu

Sasa tufike mlangoni, maana ni hapo watu wengi wanapokwama. Kibao cha juu ya lango kina nafasi ya kulala, hakina nafasi ya kushuka. Fundi wa zamani aliweka alama nne ao tano kwa mstari mmoja, lakini hakuona kama anaandika mstari. Kwake ni safu tano zenye alama moja moja. Na kwa sababu safu zinatoka kuume, kibao kinasomwa kutoka kuume.

Mfano unaojulikana sana uko Shanhaiguan, katika jimbo la Hebei, kule Ukuta Mkuu unapofika baharini. Juu ya lango kuna kibao kikubwa chenye alama tano: « tian xia di yi guan », lango la kwanza chini ya mbingu. Mgeni anayesoma kama anavyosoma gazeti anaanzia kushoto na kupata « guan yi di xia tian », maneno matano yasiyo na kichwa wala miguu. Hapo angalau anajua amekosea. Hatari iko kwenye vibao vya alama mbili, vile vya nyuki na asali.

Gazeti lilikuwa hivyo pia, mpaka watu wakaanza kulalamika. Mwaka wa 1917 mwalimu Qian Xuantong aliandika katika jarida la « Vijana Wapya » kwamba Kichina kiandikwe kwa kulala, kutoka kushoto kwenda kuume. Hoja zake na za waliomfuata zilikuwa za kazi ya kila siku. Hesabu haziingii vizuri katika safu ya kushuka. Jina la mtu wa Ulaya, tarehe, kanuni ya kemia, vyote vinamlazimisha msomaji kuinamisha kichwa. Tena kalamu ya chuma ilikuwa imeingia. Anayeandika kwa brashi anaishika wima, mkono hewani, haugusi karatasi. Anayeandika kwa kalamu anaegemeza ngumi, na akienda kushoto, ngumi inapita juu ya safu aliyotoka kuandika, wino bado mbichi.

Ilichukua karibu miaka 40. Tarehe 1 Januari 1955, gazeti la Guangming la Beijing liligeuka likawa la kulala. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Januari 1956, gazeti kubwa la chama, Renmin Ribao, likafuata. Mengine yakaingia nyuma yake, pamoja na vitabu vya shule. Taiwan ilikawia: huko barua za serikali ziligeuzwa kuanzia tarehe 1 Januari 2005, na hata leo vitabu vingi vya hadithi vinachapwa kwa safu za kushuka.

Mtoto aliyezaliwa China baada ya hapo amefundishwa kusoma kama sisi. Halafu mwalimu anampa brashi. Mwaka wa 2013 wizara ya elimu ya China ilitoa mwongozo wa masomo ya mwandiko katika shule, na brashi inaanza darasa la tatu la msingi. Basi mtoto yuleyule, asubuhi anaandika hesabu kutoka kushoto, na katika saa ya brashi anaanza kona ya juu kuume na kushuka. Jambo la kushangaza ni kwamba ndani ya alama moja mkono wake haubadiliki: mikwaju inaenda kutoka juu kwenda chini na kutoka kushoto kwenda kuume, kama ilivyokuwa tangu zamani. Mkono unaenda kuume ndani ya alama, na safu zinaenda kushoto.

Tafuta mwisho, utapata mwanzo

Je, mtu asiyejua Kichina, ao anayejua kidogo, atambue namna gani upande? Njia iliyo rahisi ni kutafuta jina la mwandishi.

Karatasi ya mwandiko wa brashi iliyokamilika ina sehemu mbili. Kuna maneno makubwa, na kuna maneno madogo ya pembeni: jina la aliyeandika, mara nyingi mwaka na mahali, na chini yake muhuri mwekundu, kile ambacho kwetu tunakiita kashe. Maneno hayo madogo yanakuja baada ya maneno yote kuisha. Yakiwa upande wa kushoto, basi mwisho uko kushoto na mwanzo uko kuume. Katika kazi za brashi ni hivyo karibu kila mara. Kwenye kibao cha kisasa kilichoandikwa kutoka kushoto, utaikuta sahihi upande wa kuume.

Angalia tu usidanganywe na maneno madogo ya upande wa pili. Kama karatasi ni zawadi, jina la anayepewa linaandikwa juu, upande wa kuume, na jina la anayetoa linakaa chini kushoto. Mpokeaji juu, mtoaji chini: ni adabu. Kashe nayo inaweza kupigwa hata mwanzoni, kuume juu, kashe ndogo yenye umbo la yai ao la mstatili, lakini hiyo haina jina la mtu, ina maneno mawili matatu ya kupendeza. Kashe ya jina iko mwishoni.

Adabu hiyo ya mahali inaenda mbali. Katika barua za zamani, mwandishi akifikia kumtaja mfalme, baba ao mtu anayeandikiwa, alikata safu katikati, hata kama ilikuwa na nafasi, akaanza safu mpya ili jina la mkubwa liwe juu kabisa. Kwa mfalme jina lilipanda hata kupita kichwa cha safu nyingine. Na akijitaja mwenyewe, aliandika jina lake kwa alama ndogo, imesogezwa kando ya safu. Mtu ambaye hajasoma neno hata moja angeweza kutambua kwa macho nani ni mkubwa katika barua ile na nani anaomba.

Karatasi mbili za mlangoni

Tuje kwenye zile karatasi nyekundu. Zinabandikwa hasa kwa Mwaka Mpya wa Kichina, ambao unaanguka kati ya mwisho wa Januari na karibu tarehe 20 Februari. Ni maneno mawili yanayolingana: idadi ya alama ni sawa, jina linajibu jina, tendo linajibu tendo. Moja ni la kwanza, lingine ni jibu lake. Ukitazama mlango kutoka nje, la kwanza linakaa upande wako wa kuume na jibu upande wa kushoto. Juu ya mlango kuna karatasi ya tatu, fupi, ya kulala, mara nyingi alama nne.

Kubandika jibu mahali pa swali ni kosa ambalo jirani anaona kutoka barabarani, na mwaka mzima karatasi iko pale. Kinachosaidia ni sauti. Kichina ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti, jambo ambalo wasemaji wa Lingala, Kinande ao Mashi hawahitaji kuelezwa. Kanuni inasema neno la kwanza liishie na alama yenye sauti inayovunjika, na jibu liishie na sauti iliyotulia. Katika Kichina cha Beijing sauti ziko nne: ya 3 na ya 4 ndizo za kuvunjika, ya 1 na ya 2 ndizo za kutulia. Kwa hiyo mtu anachukua karatasi mbili, anasoma alama ya mwisho ya kila moja kwa sauti, na anajua ipi inaenda kuume.

Isipokuwa leo kuna shida ile ya pande mbili. Karatasi ya juu inaweza kuwa imeandikwa kwa namna mpya, kutoka kushoto. Hapo wengi wanageuza na zile mbili, la kwanza linaenda kushoto, ili mlango mzima uwe na mwelekeo mmoja. Wengine wanakataa na kusema mlango haukupigiwa kura mwaka wa 1956. Maoni yangu: mlango ambao karatasi ya juu inaenda upande mmoja na za pembeni upande mwingine, huo ndio umekosewa. Ukilinganisha hizo tatu, unajua mwenye nyumba amefuata kanuni gani.

Na ile alama moja kubwa iliyobandikwa kichwa chini? Hiyo ni « fu », baraka, na haikukosewa. « Kugeuka chini juu » kwa Kichina kunatamkwa « dao », na « kufika » kunatamkwa vilevile. Mgeni akisema « baraka yenu imegeuka », masikioni mwa mwenye nyumba amesema « baraka yenu imefika ».

Nafasi iliyoachwa wazi

Kupanga alama juu ya karatasi kunaitwa zhangfa, na walimu wanasema mwanafunzi anaweza kuandika kila alama vizuri na kazi yake bado ikawa mbaya. Karatasi inayopendwa, ile ya wilaya ya Jing katika jimbo la Anhui, inakunywa wino mara moja. Hakuna kufuta. Ndiyo maana mwandishi anahesabu alama kwanza, kisha anakunja karatasi ili mikunjo imuonyeshe safu, akijua tayari alama ya mwisho itaanguka wapi. Safu ya mwisho ikibaki na alama moja peke yake, inaonekana kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Ikijaa mpaka chini, sahihi haina pa kukaa.

Kuna mipango mitatu. Wa kwanza, alama zimepangwa kama askari, zinalingana kwa kushuka na kwa kulala. Ni mpango wa mwandiko wa kutulia, ule wa vibao na mawe ya makaburi. Wa pili, safu zipo lakini alama hazitazamani na za safu jirani, moja ndefu, nyingine fupi, kama watu wanaotembea kwenye njia nyembamba. Ni mpango wa mwandiko wa haraka. Wa tatu, wa mwandiko wa kasi sana, hata safu zinaingiliana, alama moja inameza nafasi ya tatu.

Kazi inayotajwa kuliko zote ni ya mpango wa pili: utangulizi alioandika Wang Xizhi mwaka wa 353 huko Lanting, karibu na mji wa Shaoxing, alipokuwa na rafiki zake kando ya maji. Ina alama 324 katika safu 28. Neno dogo « zhi » linarudi mara ishirini hivi, na kila mara ameliandika tofauti. Mwanzoni safu zina nafasi, kuelekea mwisho zinakaribiana. Katika safu ya nne alisahau alama mbili, akaziingiza ndogo pembeni, na waliokopi kazi hiyo kwa karne nyingi wamekopi na kosa hilo. Kopi ndizo zilizobaki. Inasemekana ile ya kwanza ilizikwa pamoja na mfalme Taizong wa Tang, aliyefariki mwaka wa 649.

Lakini anayetaka kuelewa kwa nini mwelekeo una maana atazame karatasi nyingine, iliyoko Taipei katika makumbusho ya jumba la wafalme. Iliandikwa na Yan Zhenqing mwaka wa 758. Miaka mitatu kabla, jemadari An Lushan alikuwa ameasi serikali ya Tang. Ndugu wa ukoo wa Yan, Yan Gaoqing, alikuwa akilinda mji wa Changshan pamoja na mtoto wake Jiming. Mji ulianguka, baba na mtoto wakauawa. Familia ilipotafuta maiti, ya Jiming kilipatikana kichwa tu. Yan Zhenqing akaketi kuandika maneno ya kumlilia mtoto wa ndugu yake.

Ile ni rasimu, si kazi ya kutundika. Ina alama zaidi ya 230, na nyingine zaidi ya 30 alizozikata. Ukianza kuume kama inavyotakiwa, safu za kwanza zimetulia: tarehe, cheo chake, jina la marehemu. Ni karani anayeandika. Safu chache baadaye anakata neno, anaandika lingine, analikata nalo. Brashi inakauka na yeye haichovyi, anaendelea kuikwaruza karatasini mpaka wino haupo, ndipo anachovya na alama inayofuata inakuwa nyeusi nzito. Kuelekea mwisho alama zinakuwa kubwa, safu zinainama, nafasi kati yake inapotea. Mtu anayejua mwelekeo anamwona akivunjika, kutoka kuume kwenda kushoto. Anayeitazama kama picha anaona karatasi chafu. Katika maeneo yetu, ambako familia nyingi zimezika watu wao bila kupata mwili mzima, nadhani hakuna haja ya kueleza zaidi.

Duara ndogo za kupotosha

Tumesema kashe iko mwishoni. Nayo ina mwelekeo wake. Fundi anachonga jiwe kwa kugeuza kila kitu, kama kwenye kioo, ili ikipigwa isomeke sawa. Kashe ya alama nne kwa kawaida inasomwa safu ya kuume kwanza, mbili kushuka, kisha safu ya kushoto. Lakini chukua mtu mwenye jina la ukoo la alama moja na jina lake la alama mbili, pamoja na neno « yin », yaani kashe. Ukipanga kwa kawaida, jina lake linakatwa vipande viwili, nusu kuume, nusu kushoto. Ili lisikatwe, mafundi wanaweka ukoo juu kuume, jina lote katika safu ya kushoto, na « yin » linarudi chini kuume. Unasoma kwa kuzunguka. Asiyejua anasoma ukoo, kisha « kashe », kisha jina, na anajiuliza ni jina gani hilo.

Pesa nazo zilileta ubishi wa namna hiyo. Mwaka wa 621 utawala wa Tang ulitoa sarafu yenye tundu la mraba katikati na alama nne kuzunguka tundu, mwandiko wa Ouyang Xun. Ukisoma juu, chini, kuume, kushoto, unapata « kai yuan tong bao ». Ukizunguka kama mshale wa saa, unapata « kai tong yuan bao ». Kila moja ina maana, na watu wa wakati ule walizisoma zote mbili. Sarafu za utawala wa Song zilizokuja baadaye zilitumia njia zote, nyingine za msalaba, nyingine za kuzunguka.

Kwetu huku kuna mahali pengine pa kujaribu macho, na hapahitaji safari ya Beijing. Gari nyingi za okazio zinazotembea Goma, Bukavu na Uvira zimetoka Japani, usukani ukiwa kuume, na nyingine bado zina jina la kampuni ya kwanza ubavuni. Japani na Taiwan, baadhi ya kampuni huandika jina kuanzia mbele ya gari kwenda nyuma, kwa pande zote mbili. Ubavu wa kushoto jina linaanzia kushoto, kama kawaida. Ubavu wa kuume, kwa kuwa mbele ya gari iko mkono wa kuume wa anayetazama, jina linaanzia kuume.